Kamera Isiyo na Negativu

Mimi si mtu wa kubabaishwa na mashine. Nilianza kwa kuuza dagaa kwa kopo, nikajisomesha, nikaenda India bila mjomba wa kunishika mkono, nikarudi na diploma ya majokofu wakati viwanda vya minofu ya sangara vikifunguliwa Mwanza kila upande. Chumba cha baridi kilichowashinda mafundi watatu nilikiwasha kabla chai yangu haijapoa. Nayasema haya ili ieleweke kwamba kamera ile iliponivuruga, haikuwa kwa ujinga.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo utotoni hatukuvisikia hata kwa jina. Mwenye duka mmoja wa mjini, ambaye friji zake nilikuwa nikizitengeneza, aliniwekea kamera mezani. Ilikuwa na lenzi ndefu kama za waandishi wa habari, lakini lenzi yenyewe haitoki. Nilitafuta mahali pa kuweka mkanda, hapakuwepo.

"Hii ni ya kati, fundi," alisema. "Si ile ndogo ya watalii, si ile kubwa ya studio. Dijitali. Picha inaingia kwenye kadi."

"Fundi sanifu," nilimsahihisha. "Na inasafishwa wapi?"

"Haisafishwi. Inakuwa tayari."

"Tayari wapi?"

"Humo humo."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kamera nilikuwa naitaka kwa jambo moja tu: mama yangu hakuwa na picha hata moja, na kila nikienda kumwona nilimkuta amepungua. Lakini kwa bei ile mtu angepata pikipiki. Mwenye duka akaniruhusu niende nayo Jumamosi, nirudi Jumatatu na jibu. Kuna mtu wa Bukoba naye alikuwa akiitaka.

Mama alikuwa na sheria yake. Baba alipigwa picha moja maishani. Mpiga picha akabaki na negativu, akahamia Shinyanga, kisha mchwa wakaila ile picha pale ukutani. Tangu hapo mama hakupigwa picha na mtu yeyote, maana hakuna aliyekubali kumwachia negativu mkononi siku ile ile. Wazee wengi wa kwetu walishikilia hivyo. Karatasi inaliwa, walisema, negativu inazaa nyingine.

Nilivuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo asubuhi. Nyumbani Busisi nilimkuta mama na dada yangu mkubwa wakianika mihogo juu ya jiwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo bunduki ya nini?"

"Kamera."

"Ina negativu?"

"Ipo, ya kisasa," nikasema. Ulimi wangu ulikuwa umetangulia akili.

Akaenda kuoga. Akavaa kitenge cha kanisani na kanga mabegani, akaketi wima, mikono juu ya magoti. Nikabonyeza. Nikamwonyesha kioo kidogo cha nyuma, naye akajitazama kwa muda mrefu, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha.

"Nimekuwa kama mama yangu," alisema.

Kioo kikazima. Betri nne mpya, nilizozinunua asubuhi ile ile, zilikuwa zimekwisha na kupata moto kama pasi.

"Nimekwenda wapi?"

"Betri zimeisha, mama. Wewe upo ndani."

"Ndani ya betri?"

"Hapana. Kwenye kadi."

Dada akacheka mpaka akashika kiuno. "Msomi wetu, umekaa India miaka yote hiyo, umerudi na kamera inayomeza watu?"

Mama hakucheka. "Basi kadi ndiyo negativu. Nipe."

Nilimweleza kwamba kadi ni ya duka, kwamba nikirudisha kamera nairudisha na kadi yake, na huyo wa Bukoba atafuta kilichomo aweke picha zake.

"Atanifuta?" mama akauliza. "Mtu hata hajanisalimia?"

Nikaichomoa kadi, nyembamba kama kucha, nikamwekea kiganjani. Aliigeuza kwenye mwanga kutafuta uso wake, hakuona kitu, akaifunga hata hivyo kwenye pindo la kanga na kulikaza fundo kwa meno.

Kwenye kivuko cha kurudi nilisimama peke yangu nikihangaika. Jokofu nalijua: joto linatoka hapa, linapita pale, linatupwa nje. Sasa mama alikuwa wapi? Hayupo kwenye karatasi, hayupo kwenye mkanda, kwenye kadi haonekani. Na kama unyevu ukiingia kwenye lile fundo? Nilifikiria kurudi kumwomba kadi. Nikafikiria kumpa mwenye duka kamera bila kadi. Nikafika ng'ambo sina wazo hata moja lililokamilika.

Jumatatu nilimwambia mwenye duka nainunua.

"Umeipendea nini, fundi?"

"Lenzi."

Akaifungua kuikagua. "Kadi iko wapi?"

"Busisi."

"Sasa utapiga picha na nini? Kadi nyingine mpaka niagize Dar. Na kuitoa picha unahitaji kompyuta."

"Najua," nikasema, wakati nilikuwa sijui.

Nikaivaa shingoni, nikatoka. Wa kwanza kuniuliza njiani nilimwambia haina mfano Mwanza nzima, na hilo lilikuwa kweli. Kama ilifaa kununuliwa, mpaka leo siwezi kusema.