Kamba Arobaini wa Tangi la Tatu

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, gambuti zilizonibana vidole, na mwalimu aliyeitwa Mama Wafula. Kituo chetu kilikuwa bondeni, nje kidogo ya Kitale ukielekea Kiminini: nyumba tatu ndefu za plastiki, ndani yake matangi ya saruji yenye maji ya uvuguvugu, na kando yake tanuri la kuni la kupashia maji hayo moto. Mimi nilikuwa mkulima wa mahindi mwenye ng'ombe wawili, na kamba wa maji baridi sikuwahi kumwona. Nilichungulia tangi nikaona mdudu mwenye magando marefu ya buluu, nikarudi nyuma.

"Huyo ni dume, wachana na yeye," Mama Wafula akasema akicheka. "Sisi mshahara yetu inatoka kwa hawa mama."

Jina lake hasa lilikuwa Nasimiyu. Alikuwa mjane wa kutoka Bungoma, na cheo chake kilikuwa mtunza mayai, yaani mtu anayemfuatilia jike tangu mayai yanapoanza kuiva hadi yanapoanguliwa. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba tu, lakini wanafunzi wa chuo kikuu walikuja kumuuliza mambo.

Kabla ya chakula cha mchana niliitwa na Meneja wa Kituo, mtu wa Kwale, mpole wa sauti na mkali wa sheria.

"Bwana, weye wafuga?"

"Ndiyo, ng'ombe wawili."

"Basi sikiza. Kupe na kamba ni jamaa moja. Dawa imuuayo kupe yamuua na kamba, na kidogo tu chatosha tangi zima. Ng'ombe wako waogeshe Jumamosi jioni. Nguo hizo usije nazo hapa kamwe. Siku za kazi dawa usiiguse."

Nikaitika. Sheria haikuwa ngumu, na kwa miaka mitano niliishika.

Vijana mnaosomea ufugaji wa majini, ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana darasani huipita mbio. Mayai ya kamba hayaanzi tumboni, huanza karibu na kichwa. Ukimwinua jike kwenye mwanga utaona, chini ya gamba la kichwani, uvimbe wa rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo ovari, mfuko wa mayai. Ikijaa hadi kukaribia macho, ujue hivi karibuni atajivua gamba lake la zamani. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu jike aliyejivua ni laini kama ugali ambao haujashika, na wenzake humla akiwa hai. Kwa hiyo tulimtenga mapema na dume mmoja mkubwa, ambaye humzingira kwa magando asiguswe, kisha humwekea mbegu chini ya kifua. Kabla ya siku kuisha mayai hushuka, hupita penye mbegu, na kunata chini ya mkia kwenye vijiguu vya kuogelea. Jike aliyekosa dume naye hutaga, lakini mayai yake hudondoka bure. Hao ndio Mama Wafula aliowahurumia zaidi.

Kuanzia hapo jike hana mapumziko. Huyapepea mayai kutwa, huyachokoachokoa kwa miguu ya mbele na kuondoa yaliyooza. Mayai yenye rangi ya machungwa hugeuka kahawia, na yakikaribia wiki ya tatu huwa kijivu. Ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia utaona kinachoyatia weusi: ni macho ya watoto. Yakifika hapo una siku mbili tatu za kumhamishia mama kwenye maji yaliyotiwa chumvi ya bahari, maana mama huishi maji baridi lakini viluwiluwi wake hufa humo.

Tuliwahamisha kwa mikono kwa sababu wavu hung'oa mayai. Unalowesha mkono, unaupitisha taratibu chini ya tumbo, unamwacha atulie, ndipo unamwinua.

"Polepole, Baba Wairimu," Mama Wafula alikuwa akiniambia. "Hiyo mkono imebeba watoto elfu."

Alinifundisha kila kitu bila choyo. Nalisema hili mapema ili mjue nilimtendea nani nililomtenda.

Mwaka wangu wa sita, Mkurugenzi wa Mradi alitutangazia kwamba msimu huo usipotoa vifaranga vya kamba vya kutosha, kituo kitapunguza watu. Mungu akatujalia. Majike arobaini wakaiva mayai kwa pamoja, yote kijivu, na wote walikuwa kwenye tangi la tatu. Ubaoni, mbele ya tangi hilo, palikuwa pameandikwa jina la msimamizi: Nasimiyu.

Siku ya kuwahamisha ilikuwa Jumatatu. Alfajiri nilikwenda zizini nikamkuta mtamba wangu, aliyekuwa karibu kuzaa, amejaa kupe masikioni. Jirani yangu alikuwa amezika ng'ombe wawili kwa ugonjwa wa kupe wiki hiyo hiyo. Woga ukanishika. Nikachukua pampu ya dawa, iliyokuwa ikivuja kwenye mpini, nikampiga dawa mwili mzima. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, nikajiambia mimi ni safi, nikaenda kazini na sweta ile ile niliyoivaa nikipiga dawa, kwa sababu ya baridi. Ujinga wa mfugaji ni huo: tunaosha ngozi, nguo tunaisahau.

Mama Wafula alikuwa stoo akipima chumvi. Akanipigia kelele nianze. Nilikunja mikono ya sweta, lakini kila nilipoinama mkono wa kulia ulijikunjua ukachovya majini. Jike wa kumi alijipinda mkononi mwangu kama aliyepigwa na stima. Nikatazama tangini, nikaona wengine wamelala ubavu, miguu inatetemeka. Nilielewa papo hapo, msinidanganye kwamba mtu haelewi. Nikavua sweta, nikatoka, nikaitupa kwenye tanuri. Ndipo nikaita watu.

Saa nne asubuhi wote arobaini walikuwa wamelala chali. Mayai yalitapakaa sakafuni mwa tangi, yana macho tayari.

Mama Wafula alipiga magoti, akachota maji kwa kiganja, akanusa. Kisha akaninusa mimi.

"Hii si maji kuharibika. Hii ni dawa ya kupe," akamwambia Meneja, aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Ulizeni huyu."

Meneja akachota naye, akanusa, akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu. "Bwana, umeogesha ng'ombe leo?"

"Hapana, Meneja. Niliogesha Jumamosi, kama ulivyoagiza."

Meneja akamgeukia. "Na maji haya ya mfereji, mama, uliyaongeza lini?"

"Jana. Yalikuwa yamelala siku mbili kwa pipa, klorini ilikuwa imeisha."

Lazima maji ya mfereji yalale hivyo, la sivyo klorini huua. Meneja akanitazama tena. "Weye ulikuwapo Ijumaa. Yalilazwa?"

Ijumaa nilimsaidia kuyabeba hadi kwenye pipa, ndoo kwa ndoo, tukipiga gumzo.

"Sikuona," nikasema.

Mama Wafula alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka ukingoni mwa tangi. Wiki hiyo aliachishwa kazi kwa uzembe, na barua ikasema hivyo. Mwezi uliofuata nilipewa cheo chake. Fundi wa rangi akaja akafuta jina ubaoni akaandika langu.

Miaka mitatu baadaye kituo kilifungwa kabisa, kwa maana Kitale ni baridi na kuni zilikuwa ghali. Mimi nikahamishiwa Bungoma, chini ya Afisa wa Uvuvi wa Kaunti, kufundisha wakulima kuchimba mabwawa ya samaki, ngege na kambare. Ilikuwa kazi nzuri, nami niliifanya vizuri. Lakini siku za soko nilikuwa napita vichochoroni nisije nikakutana na Mama Wafula, aliyekuwa amerudi kwao. Nilisikia kwamba alitafuta kazi vituo viwili, wakaomba barua ya mwisho, wakaisoma, wakamrudisha. Nilisikia mwanawe Wafula ameacha chuo cha ualimu, na mamake anapalilia miwa ya watu. Nilisikia, nikanyamaza.

Siku ya kustaafu Afisa alinipa thamosi na hotuba. "Huyu mzee," akasema, "kwa miaka yote hiyo hajapoteza hata tangi moja." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Mwezi uliopita nilitoka nyumbani Kiminini nikaenda kwa Mama Wafula. Nilimkuta uani akichambua maharagwe.

"Karibu, Baba Wairimu. Umezeeka, bana."

Nilimweleza yote, nimesimama: mtamba, sweta, tanuri, ndoo za Ijumaa. Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimekuja kuomba msamaha."

"Hiyo habari yote mimi nilikuwa nayo siku ile ile. Sasa umetoka Kiminini mpaka hapa kuniambia kitu najua?" Akapepeta maharagwe, akapuliza makapi. "Meneja alikufa akiamini ni mimi niliua kamba. Jina yangu haikuharibikia hapa kwangu. Iliharibikia kwa watu. Enda uambie watu."

Kisha akanipa chai, kwa kuwa kwao mgeni hatoki na kiu. Yeye hakunywa.

Watu ni ninyi mnaosoma. Maji ya tangi la tatu yalilala siku mbili, na niliyabeba pamoja naye. Nasimiyu hakuua kamba hata mmoja. Niliwaua mimi.