Mama Anayeiwasha Seva kwa Mkono

Saa nane mchana umeme unarudi Ngarenaro, na Elifuraha Pallangyo anaacha sahani ya makande aliyoila nusu. Anapanda ngazi hadi chumba cha juu, anaketi mbele ya seva, ile kompyuta inayozihudumia nyingine kumi na mbili zilizoko chini, na kuandika amri sita. Asipoziandika, mashine inawaka lakini programu ya barua pepe inabaki imelala.

"Mama Sifael, wateja wananikodolea macho," anaita Saadi, mwenye duka hili la intaneti.

"Wakodolee na wewe, Bwana Saadi. Naandika."

Ana miaka thelathini na minne, na elimu yake ni ya darasa la saba. Aliajiriwa mwaka 1998 kupiga deki. Fundi aliyeifunga seva alipohamia Dar es Salaam, ni Elifuraha peke yake aliyekuwa amenakili amri zake kwenye daftari. Tangu hapo deki anapiga mwingine.

"Nilijiona mtu," anasema kwa sauti ya uchovu. "Duka zima linanisubiri mimi. Kumbe najifunga kamba."

Kwa miaka mitatu amepata likizo ya siku tisa tu. Umeme hukatika mara nne, hata tano kwa wiki. Pasaka iliyopita alikwenda Kikatiti, ambako mwanawe Sifael anaishi na bibi yake.

"Sijavua hata viatu, simu ya duka la jirani pale kijijini ikalia. Umeme umerudi, natakiwa mjini. Mtoto hakulia. Aliniletea mkoba wangu tu. Hilo ndilo linaloniuma."

Jumapili hii Sifael anapata kipaimara. Kwa hiyo Elifuraha aliziandika zile amri kwenye faili ambalo mashine hulisoma inapowaka. Akalijaribu, likafanya kazi. Jumanne umeme ukakatika, ukarudi, na barua pepe haikuamka.

"Niliandika jina la programu tu, kama nilivyozoea. Nikiwa nimeingia mimi kwa jina langu, mashine inajua pa kutafuta. Ikiwaka yenyewe ni kama mgeni aliyeshuka stendi. Ukimwambia nenda kwa mama Namnyaki, hafiki. Inabidi umwandikie njia yote." Ameiandika leo, baada ya kuiamsha barua pepe.

Saadi anamtania, "Ikijiwasha, wewe nitakulipa ya nini?"

"Ya siku itakapogoma."

Lakini baadaye anakiri kwamba swali hilohilo ndilo lililomchelewesha miaka miwili.

"Kina mama wenzangu mnaojivunia kwamba kazi haiendi bila ninyi, angalieni. Mtoto anazoea kukukosa. Akishazoea, kumrudisha ni kazi."

Kesho, Jumamosi, atachomoa waya wa seva mbele ya Saadi, auchomeke, kisha akae bila kugusa kitu. Ikiamka, Jumapili yuko kanisani Kikatiti.

Na isipoamka?

"Daftari liko mezani," anasema. "Bwana Saadi anajua kusoma."