Ticha wa Gemu na Waya wa Mwenye Nyumba

Amefariki yule kijana aliyekuwa na chumba cha gemu pale Kyela mjini, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Umeme umemuua asubuhi, mvua imetoka tu kukatika, akifungua mlango wake wa chuma. Habari ilinikuta Lyulilo sokoni, nimechuchumaa nagonga vyungu kwa kidole nikisikilizia kipi kina ufa kabla sijanunua vya kwenda kuuza mjini. Aliyenipigia ni mpangaji mwenzangu, na hakunisalimia. Alisema tu, "Mama Vyungu, umeme umemchukua Ticha." Sikumuuliza umeme gani. Waya ule naujua. Najua unapopita juu ya bati, najua nani aliutundika, nani aliuona na nani aliambiwa, kwa sababu ulianza na mimi. Vidole vya mkono wangu wa kushoto mpaka leo havikunji sawasawa. Mimi nilipona, yeye hakupona, na tangu siku hiyo siwezi kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kutazama bati. Hata haya ya gazetini nayaandika nimeegemea dirisha la jiko, kwa hiyo msomaji wangu, ukiona leo naruka huku na huku, nivumilie.

Tulimwita Ticha ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Vyumba vingine vya gemu hapa mjini vinacheza mpira tu, kelele na matusi mpaka jioni. Yeye alipenda zile gemu ambazo unakuwa mtu ndani ya hadithi: unapewa jina, upanga, kijiji, na matatizo ya watu wengine. Tatizo la gemu hizo ni kwamba zinaongea Kiingereza, na maneno yanapita chini ya picha haraka kuliko macho. Basi yeye alishika kidude cha kuchezea, akasimamisha picha, akatusimulia. Mmewaona wale wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video. Wale filamu yao imeshakwisha kutengenezwa, wanaifuata nyuma. Huyu alisimulia kitu ambacho mwenyewe hajui kinaenda wapi, na njia ikigawanyika alitugeukia: "Haya, wazazi, tunaenda mlimani au tunaingia kwa mfalme?" Watu walikuja kusikiliza, hawakuja kucheza. Akina mama wametoka shamba na matope ya mpunga miguuni, wamekaa kwenye benchi, wanabishana kama mfalme aaminiwe au asiaminiwe. Mimi nilikuwa napanga chumba cha pili kutoka kwake. Niliingia kwake mara ya kwanza kuchaji simu, simu ikajaa, nikasahau kuondoka.

Gemu ikiisha lilikuwa linakaa baraza. Tunaipima kwa vitu vitatu: hadithi yake, picha yake na mapigano yake, kisha tunailinganisha na zile zilizotangulia. Kila upande ulikuwa na wenyewe. Kulikuwa na afisa mmoja wa serikali, kahamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, yeye ni picha tu; majani yakicheza na upepo anapiga makofi. Vijana wa mashineni wao ni mapigano. Siku Ticha alipoleta gemu ya zamani ambayo watu wanapigana kwa zamu, huyu anapiga, anarudi mahali pake, anasubiri apigwe, vijana walimcheka mpaka wakatoka nje. "Ticha, hawa wanapigana au wako kwenye kikao cha kanisa? Mbona wanapeana nafasi ya kuchangia?" Yeye hakukasirika. Akasema, "Mapigano ya kukimbia unashinda kwa kidole. Haya unashinda kwa kumjua adui yako. Tulieni." Wakatulia, na kabla ya wiki kuisha walikuwa wao ndio wanapiga kelele, "Usimpige na moto huyo, anakula moto! Mpe maji!"

Mimi alinifanya hakimu wa picha, na ilianza kwa ugomvi. Siku moja shujaa wetu aliingia nyumba ya watu bila hodi. Mama mwenye nyumba kasimama hapohapo anamtazama, na yeye anampita ubavuni, anaanza kuvunja vyungu kwa upanga, kimoja baada ya kingine, anaokota vilivyomo. Nikasimama.

"We Ticha! Huyo ndiye mkombozi wa kijiji?"

"Mama, ndivyo gemu zilivyo. Vyungu vimewekwa ili vivunjwe."

"Vimewekwa na nani? Unajua mwanamke anainama kiasi gani mpaka chungu kikauke bila ufa?"

Kijana mmoja nyuma akadakia, "Mama Vyungu, peleka mzigo huko, soko limefunguka!" Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Ticha alicheka mpaka akaweka kidude chini. Lakini alipotulia alisema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba nimesema kweli, mtu anayeingia kwa watu bila hodi na kuwavunjia vyombo hawezi kuwa mkombozi wao, na hadithi iliyoshindwa kuliona hilo imejikata miguu. Akaipunguzia alama. Tangu hapo humo ndani vyungu havikuvunjwa nikiwepo, na kila gemu mpya aliniuliza, "Mama, tazama jikoni kwao. Wanasemaje?" Kuna moja afisa aliisifu mno, maji yanameremeta kama Ziwa Nyasa saa ya asubuhi pale Matema. Nikaangalia jikoni. Chungu kiko motoni tangu tumeanza gemu, na tumbo lake jeupe, hakuna hata tone la masizi. Nikasema, picha nzuri, lakini hapa hapapikwi. Hawa watu wametengenezwa leo. Afisa alinuna siku mbili tatu, akarudi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo kwenye maneno yangu. Gemu ile ya picha nzuri Ticha aliiweka mwisho, na ile ya zamani ya kupigana kwa zamu, yenye watu wenye vichwa kama viazi, akaiweka juu kabisa. Afisa akaja juu. Ticha akamwambia, "Mkubwa, ile nzuri, ubaya wake unatoka wapi? Ukungu mweusi. Umetumwa na nani? Hakuna. Unapigana na ukungu mpaka mwisho, unaushinda, na hakuna aliyekosa. Hii ya viazi, kisima cha kijiji kimetiwa sumu, na tunazunguka nyumba kwa nyumba mpaka tunamjua aliyetia, aliyemuona akitia, na aliyepewa asali ili anyamaze. Hiyo ndiyo hadithi. Ile nyingine ni hali ya hewa." Mimi shule nimeiachia darasa la tano, lakini maneno yale niliyaelewa kuliko mahubiri mengi niliyowahi kukalia.

Alikuwa na sauti za kila mtu. Mfalme alimpa sauti ya mzee wa kanisa akitangaza sadaka, mchawi akaongea kama mwanamke wa mnadani. Na joka, lile joka kubwa la mwisho, alilipa sauti ya mwenye nyumba wetu. Linafumbua macho, linanguruma: "Nani kachomeka pasi humu?" Tulikufa kwa kucheka, kwa sababu ndivyo mwenye nyumba alivyokuwa anapita mlango kwa mlango kila umeme ukikatika. Na umeme ulikuwa unakatika kwa sababu moja. Nyumba nzima ilikuwa na luku moja iliyofungwa kwa ajili ya watu wa vyumba viwili. Alipoongeza vyumba vya uani hakwenda ofisi ya umeme kuomba laini nyingine. Alimleta kishoka, fundi wa mitaani asiye na kibali cha mtu yeyote, akavuta waya mmoja kutoka mbele, akaupitisha juu ya bati mpaka uani, na pale alipouunga akaufunga kwa mpira wa baiskeli. Mpira wa baiskeli, kwenye mji wa mvua kama Kyela.

Mimi ulinishika nikianika kanga. Kamba ya kuanikia ilikuwa ya chuma, imefungwa kwenye bati. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa naita na sauti haitoki. Ticha alitoka na benchi lake la mbao, akaipiga ile kamba mpaka ikakatika, nikaanguka kwenye matope. Nilipoweza kusimama nikamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu," akajibu kwamba shukrani tumpelekee joka. Tukaenda wote kwa mwenye nyumba. Akatuambia, "Bati likilowa linasisimka kidogo, mama, mbona mnakuza mambo?" Siku ya pili akamrudisha kishoka yuleyule, naye akaongeza mpira mwingine juu ya ule wa kwanza, akapiga mluzi, akaondoka. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuja kweli, akatazama juu, akasema atalifuatilia. Jioni nilimuona kakaa kwa mwenye nyumba, wanakula samaki. Hao ndio watatu waliojua. Nilikuwa nimeyaandika majina yao hapa, mhariri akaniambia majina hayapiti. Sawa. Kyela ni ndogo, na wao wenyewe wanasoma.

Tulimzika kwao Busale, mashamba ya mpunga yamejaa maji pande zote mpaka jeneza lilibebwa mabegani sehemu kubwa ya njia. Mwenye nyumba alikuja na makreti ya soda na akapewa kiti cha mbele. Wasifu wa marehemu ukasomwa: kazaliwa wapi, kabatizwa lini, alipenda watu, amefariki kwa ajali. Basi. Ajali. Mwenye nyumba akasimama kutoa salamu za wapangaji, akasema Mungu amempenda zaidi kuliko sisi. Nyuma yangu wanawake wananong'onezana kwamba kijana alikuwa na nyota, kuna watu hawakufurahia. Nikasikia mwili mzima unawasha. Mungu anasingiziwa, wachawi wanasingiziwa, mvua inasingiziwa, na aliyefunga mpira wa baiskeli anakunywa soda. Nikasimama. Baba mdogo wa marehemu akanivuta kanga.

"Keti, mama. Leo si siku yake."

"Siku yake ni ipi, tata?"

"Tukimaliza matanga."

"Mkimaliza matanga mtasema tusifukue makaburi."

Akaniangalia, macho mekundu kwa kulia, akasema polepole, "Nakuomba." Nikakaa. Kwa ajili yake, maana ni mfiwa, si kwa ajili ya mwingine.

Matanga yakaisha, na mdogo wake marehemu, binti mwenye sauti kama ya kaka yake, akaja mjini kukichukua chumba. Anataka kuendeleza. Gemu anazijua, Kiingereza anakijua, na nilimsikia anajaribu sauti ya mchawi peke yake huku anafagia. Mwenye nyumba kamkaribisha kwa furaha, kapaka mlango rangi mpya ya bluu. Nikatoka kutazama juu. Waya uko palepale. Nikamwambia binti, usiwashe. Akasema fundi kaja, katengeneza. Fundi gani? Yuleyule. Nikamuuliza mwenye nyumba, akanijibu kwamba mimi ni mtu wa maneno, kama naogopa umeme nihamie Lyulilo nikawashe vibatari.

Sikwenda tena kwa mwenyekiti. Nilikwenda ofisi ya umeme, nikakaa mlangoni, nikawaambia kuna nyumba imeua mtu na inajiandaa kuua mwingine, na mimi ni shahidi kwa sababu iliniacha hai, na vidole hivi hapa. Walitaka kunizungusha. Sikuondoka. Mwishowe vijana wawili wakaja na ngazi, mmoja akapanda, akachungulia pale kwenye mpira, akashuka kuchukua koleo. Wakakata laini ya nyumba nzima, mpaka itandazwe upya kihalali. Chumba changu nacho kikazimwa. Wapangaji wakanijia juu: wa friji, wa saluni, wa kuchaji simu. Mwenye nyumba kanipa mwezi mmoja nihame. Yote hayo niliyatarajia. Lile la binti sikulitarajia. Alikuja akasimama mlangoni pangu, machozi yanamtoka, akasema, "Mama, umemzima kaka yangu mara ya pili." Akaondoka, na mpaka leo tukikutana kisimani hanisalimii.

Ninachowaomba wasomaji wangu ni kidogo. Msibani tumezoea kuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Tukiambiwa ajali tunainamisha kichwa, tunapokea soda. Tuulize na lingine: nani alijua? Tuulize kwa sauti, mbele ya aliyekaa kiti cha mbele, hata kama siku siyo yake, kwa sababu anayejua na kunyamaza anahesabu kwamba siku hiyo haitafika. Tutachukiwa. Mimi nimeshaonja, ni kuchungu, lakini kunavumilika. Asubuhi hii binti amepita tena na ndoo yake, kanigeuzia uso, anatembea kwa hasira, miguu inapiga maji ya mvua uani, na hakuna kilichomshika.