Kisahani Kilichogeuzwa

Miaka ya themanini, nilipoanza kazi ya uuguzi katika zahanati moja huko Kamuli, nilikuwa na stetoskopu mpya, na ilinivimbisha kichwa. Niliivaa shingoni hata nikienda kuchota maji. Wagonjwa nao waliipenda kupita kiasi. Usipomgusisha mtu nayo kifuani, anaondoka akilalamika kwamba hakutibiwa.

Asubuhi moja mzee aliyejikata kidole cha mguu kwa jembe alikataa kufungwa kidonda mpaka nimpime moyo. Nikampima. Nilipogeuka kuchukua bandeji, akakishika kile kisahani cha mwishoni mwa stetoskopu na kukizungusha kama anatafuta stesheni ya redio. Nikacheka tu.

Baadaye akaja mwanamke kibarua wa mashamba ya kahawa, mjamzito wa miezi minane, pamoja na mama mkwe wake. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na kwa woga hakuwa amemnunulia huyu wa tatu hata kitambaa kimoja.

"Shikamoo dokta. Tangu jana hachezi," alisema.

Nikaweka kisahani tumboni. Kimya. Nikakisogeza, kimya. Mama mkwe alikuwa ananisoma usoni, akaanza kunong'ona kwa lugha ya kwao, akimlilia mama yake na Mungu wake, "Mawe! Ruhanga wange!" Mwanamke mwenyewe hakulia. Alifumba macho tu kama mtu aliyeshazoea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikamwita muuguzi mwenzangu, mama wa makamo aliyeidharau stetoskopu yangu waziwazi. Alikuja na kipembe chake cha mbao cha kusikilizia watoto tumboni, akakisimamisha juu ya tumbo, akainama na kutega sikio.

"Mbona anapiga vizuri?" akasema. Kisha akakitazama kisahani changu. "We binti, kimegeuka hiki. Upande huu umeziba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba yule mwanamke radhi, nikakirudisha kisahani upande wake na kukigonga kwa ukucha mpaka nikasikia mlio, tabia ambayo sijaiacha hadi leo. Safari hii masikioni nikamvalisha yeye mwenyewe.

Akasikiliza bila kupumua. Mama mkwe akaomba zamu yake, akanyimwa.

"Subiri kidogo, mama," alisema, ameing'ang'ania mipira ya stetoskopu kwa mikono miwili. "Jumamosi twende sokoni Nkwenda tukanunue nepi."