Kuchungulia Boma kwa Baiskeli

Mimi nimepanda baiskeli kuliko mtu yeyote unayemjua, na sisemi hivyo kwa kujigamba, ndivyo ilivyo. Shule niliiacha darasa la sita, nikaenda stendi ya Kondele kubeba watu kwa keria. Nimebeba walimu, nimebeba wamama na mabeseni yao ya samaki, nimebeba bibi harusi mzima, ameshika shela mkononi isinaswe na spoku za gurudumu. Leo nina maduka ya spea hapa Kisumu na nyumba ya ghorofa niliyoichora mwenyewe kwa kijiti mchangani kabla fundi hajafika. Gari ninalo. Lakini Jumapili baada ya kanisa utanikuta juu ya baiskeli yangu ile ile nyeusi ya stendi, mgongo wima, natoka mjini.

Siku hizi kuna vijana wa ofisini wanavaa suruali za kubana wanaendesha baiskeli, wanasema wanatalii. Mimi nilitalii kabla hawajazaliwa, tena na abiria nyuma.

Nchi yetu ukiipita kwa gari huioni. Kwa baiskeli unafika Kisian, unaiacha barabara ya Busia, unakunja kushoto, na ziwa linaanza kucheza na wewe: linajitokeza, linajificha nyuma ya kilima, linajitokeza tena. Unafika Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyopandana kama magunia yaliyopangwa na mlevi. Zamani mzee mmoja alikuwa anashinda pale kutwa nzima, na mke wake akiulizwa mumeo yuko wapi, anajibu yuko kwa mke wake wa kwanza. Ndiyo maana jiwe likaitwa hivyo, mke wa kwanza. Mbele zaidi, ukijua kutazama, utaona kuta za udongo za maboma ya kale, zimeota majani, mbuzi wanalala juu. Watu waliishi mle ndani, waliogopa vita, waliozesha mabinti. Mimi napenda kupita pale polepole.

Polepole, lakini sishuki. Hilo linajulikana. Mlima uwe wa namna gani, jua liwe kali namna gani, mimi kwenye baiskeli sishuki nikasukuma. Kusukuma ni kwa wengine. Na nyuma, kwenye kile kipande cha mpira cha kuzuia matope, nimeandika kwa rangi nyekundu: JASHO HALIIBIWI. Niliandika mwenyewe, herufi zimelala kidogo, lakini Kisumu nzima inazijua.

Sasa, mwaka jana binti yangu mkubwa, yule aliyesoma sehemu yake na yangu pia, alituambia amepata mtu. Kijana wa watu, fundi wa injini za boti, kwao ni huko karibu na Usenge. Wazee wao walitaka kuja kwetu kubisha hodi, na walikuwa wanangoja neno langu tu. Nikisema ndiyo, waje. Nikisema hapana, basi, yameisha. Binti hakunisukuma. Alikuwa ananiwekea chai mezani na kunitazama, kisha anaondoka. Afadhali angenisukuma.

Mke wangu akasema, "Tuma mtu akatazame hilo boma. Ndivyo inavyofanywa."

"Nitume mtu? Ni nani ana macho kunishinda?"

"Baba, wewe ni baba wa msichana. Huwezi kuingia pale. Na ukila kwao kabla mahari haijazungumzwa, utakuwa umemuuza mtoto kwa sahani ya samaki, na hatutakuwa na uso."

"Nani ameingia? Napita tu barabarani, kama mtalii."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mtalii," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Basi nikanunua kofia ngumu ya njano, ile ya waendesha baiskeli, na miwani myeusi. Nilipojitazama kwenye kioo cha duka hata mimi sikujijua. Nikatoka kabla ya jua, Kisian, Kit Mikayi, Ndori, Bondo, sikushuka. Alasiri nikaona kilima cha Ramogi, pale wanaposema babu zetu walijenga mara ya kwanza walipoingia nchi hii, na chini yake, kama nilivyomchimba binti mwenyewe kwa ujanja bila yeye kujua, boma lenye ua wa michongoma.

Nikapunguza mwendo. Nikanyoosha shingo. Nyumba ya mabati, ukuta umesilibwa vizuri. Uwanja umefagiliwa. Omena, dagaa wetu wa ziwani, wameanikwa kwenye wavu, hakuna kuku anayewagusa. Nikasema, hm, si vibaya. Nikanyoosha shingo zaidi, na sikuona kwamba ua ulikuwa umetoka kupunguzwa na miiba iko barabarani.

Pssss. Gurudumu la nyuma.

Viraka ninavyo, gundi ninayo. Pampu sina. Mimi, mwenye maduka yaliyojaa pampu, nimesimama mbele ya lango la wakwe bila pampu.

Akatoka mzee mmoja mwembamba. Baadaye nilijua ni baba mdogo wa kijana, kwa maana babake alishafariki. Akalitazama gurudumu, akatazama nyuma ya baiskeli, akanitazama mimi.

"Karibu, Bwana. Umetoka wapi?"

"Nakuru," nikasema. "Mimi ni mtalii. Natazama vilima vya kale."

"Nakuru! Na unaongea Kijaluo kama mtu wa Kondele."

"Nilifundishwa na mke wangu."

"Amekufundisha vizuri," akasema, akakohoa kidogo.

Akaenda kuleta pampu na kigoda. Nikadhani ananiingiza uani. Hapana, kigoda akakiweka nje ya lango, kwenye kivuli cha ua. Mama wa boma naye akatokea, leso ameivuta mpaka juu ya kichwa, akasimama mbali, akanisalimu akiutazama ukuta. Kisha akarudi ndani, na mara nikasikia mafuta yakichemka na harufu ya ngege, samaki wetu wa ziwani, ikapita juu ya ua ikanikuta pale pale. Nilikuwa sijala tangu Bondo. Nikaziba tyubu polepole, nikajaza upepo polepole zaidi. Nikaletewa maji. Nikanywa. Nikangoja. Maji tu.

Moyoni nikasema: hapa hapana. Kweli ningekataa chakula, lakini mtu huitwa kwanza, ndipo akatae. Boma gani hili linalokaanga samaki mgeni ananusa, halafu haliulizi hata umekula? Nimemlea mtoto kwa jasho, aje akae na watu wachoyo? Neno langu likawa tayari mdomoni, na lilikuwa hapana.

Nilipokuwa naondoka yule mzee akasema, "Pale njia panda kabla ya Usenge kuna mama ana kibanda. Usimpite. Kula pale."

"Tumbo langu linajua njia," nikamjibu.

Tumbo likajua njia mpaka kwenye kibanda hicho hicho. Kabla sijaagiza, mama mwenye kibanda akaniwekea ngege mkubwa, anayening'inia nje ya sahani pande zote mbili, ugali, na mboga za kienyeji zenye maziwa. Nilikula kama mtu aliyetumwa. Nikaingiza mkono mfukoni.

"Rudisha, Baba. Imelipwa."

"Imelipwa na nani?"

"Na wale wa boma ulipoziba pancha. Wamenipigia simu wakasema mkwe wetu anakuja, ana kofia ya njano, sisi hatuwezi kumlisha, lakini asilale na njaa kwenye nchi yetu."

"Wamenijuaje?"

Akacheka mpaka akashika nguzo. Akaelekeza mwiko kwenye baiskeli yangu. "Si imeandikwa nyuma? Binti yako aliwaonyesha picha ya hiyo baiskeli kabla ya kuwaonyesha yako. Hapa hata watoto wanasema jasho haliibiwi."

Nilivua kofia. Kichwa kilikuwa moto. Nikakiona upya kigoda nje ya lango, leso kichwani na macho kwenye ukuta, heshima ya mama mbele ya mkwe, maji matupu. Wangeweza kunikaribisha ndani na kunishindilia samaki wale, na kesho Usenge yote ingejua kwamba baba wa msichana amejileta mwenyewe kula. Badala yake walinifungia lango ili nisiaibike. Mila yangu mwenyewe waliishika kwa ajili yangu, mimi nikiwa nimejifanya mtu wa Nakuru.

Nikampigia mke wangu.

"Mtalii," akasema, "boma likoje?"

"Nimekula."

"Umekula! Wapi?"

"Kibandani. Wakanilipia. Wao wenyewe hawakunipa hata punje."

Yeye huelewa upesi kuliko mimi, ingawa hilo nimeliandika hapa kwa mara ya kwanza. "Basi hao ni watu," akasema. "Na binti yako ameketi hapa karibu, amejifanya anachambua mchele. Nimwambie nini?"

"Mwambie wazee waje."

Nilisikia sinia ikianguka.

Nililala Usenge kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi nikageuza baiskeli kurudi Kisumu. Jua lilikuwa halijawa kali, njia tambarare, magurudumu mazima. Nilipouona ua wa michongoma nikafunga breki, nikashuka. Nikashika usukani, kofia nimeining'iniza mkononi, nikasukuma baiskeli kwa miguu, macho mbele, kama inavyompasa mtu akipita kwa wakwe zake. Ndani mtu alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama. Hakuna aliyeniita, na mimi sikugeuza shingo. Ua ulipokwisha, nikasikia ufagio umeanza tena, nikapanda.