Mnyoo Niliouona kwenye Darubini

Katika kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Kahama, walisema mtoto wa mchunga ng'ombe hawezi kurudi na diploma ya mifugo. Nilirudi nayo, na darubini juu yake.

Juzi Mama Kulwa akaniletea mbwa wake anayekohoa, yule anayelinda ndama dhidi ya fisi. Nikawahutubia waliojaa mlangoni: mbu humwambukiza mbwa minyoo ya moyo, ndiyo maana hupewa vidonge vya kinga mapema. Nikamtoa mbwa damu, nikaipaka kwenye kioo, nikainamia darubini. Kitu cheusi, chembamba, kikacheza!

"Mnyoo huu hapa! Mama, kinga imechelewa. Nitamchoma sindano kali, na inaweza kumuua."

Mama Kulwa akamkumbatia mbwa. "Tazama tena, mwanangu. Ndama wangu atawalinda nani?"

Nikatazama. Kila nilipopepesa jicho, mnyoo ulicheza.

"Bado upo!"

"Uko wapi, na kioo chenye damu hiki hapa mezani, hujakiweka bado?"

Nikapapasa darubini. Haikuwa na kioo cha damu chini yake. Nilikuwa nikiutazama ukope wangu mwenyewe.

"Basi sindano hiyo," akasema Mama Kulwa, "lichome jicho lako."