Stika Tatu za Maman

Jamani, mimi napenda simu za kugusanisha na vitu mpaka aibu! Wateja wangu pale soko la Kamembe wamezoea. Muntu anakuja kununua kava tu, mimi tayari nimemnyang'anya simu: "Hii yako iko na NFC, ile ya kugusanisha? Lete hapa!" Naisogeza kwenye spika, mara muziki huo, naye anaruka. Hakuna waya, hakuna kuandika namba. Kusogea tu, basi. Nani leo ana mikono ya ziada? Mmoja umebeba ndizi, mwingine umeshika mtoto asikimbilie pikipiki.

Lakini kilichonitia wazimu kabisa ni zile stika ndogo za duara. Unaifundisha simu: ukigusa hii, mpigie fulani. Unabandika popote, na simu ikisogezwa pale inapiga. Siku ya kwanza nilijipigia mwenyewe kutoka kwenye simu ya jirani yangu wa soko mpaka akanifukuza.

Nilizinunua kwa ajili ya Maman. Anaishi peke yake kule Mururu, katika nyumba waliyojenga na marehemu Papa tuliporudi kutoka Kongo. Macho yamemwisha, anaona mwanga na vivuli tu. Simu ya kioo kwake ilikuwa kama kupapasa sahani. Kaka yangu mkubwa akakata shauri: Maman ahamie kwake mjini, kwani asiyeweza kuita msaada hawezi kulala peke yake. Maman hakutaka hata kusikia. Ana ng'ombe wake, ana majirani wa kuimba nao kanisani. "Kwako nitakuwa mgeni mpaka nife," alimwambia. Nilimbembeleza kaka sana. Mwishowe akasema sawa, Jumapili anakuja na gari. Maman akipiga mwenyewe bila kusaidiwa, anabaki. Akishindwa, wanaondoka pamoja siku hiyohiyo.

Basi Jumapili hiyo niliwahi Mururu asubuhi, furaha imenijaa tumboni. Stika ya kwanza nikabandika kwenye jalada la kitabu cha nyimbo, hiyo ya mama mdogo, ndugu yake aliyebaki Bukavu. Ya pili, ya kaka, mgongoni mwa redio. Yangu kwenye kopo la plastiki la sukari, maana sukari ninayotia kwenye chai wote wanaijua. Kufuli ya simu niliitoa, abonyeze kando tu iamke. Maman akacheka mpaka akashika mbavu: "Yaani kitabu kitamuita mudogo wangu?"

Kaka akaja, akakaa, akakunja mikono. Nikampa Maman kitabu na simu. Akabonyeza vizuri. Akagusa. Simu ikaanza kuita, mimi nusura nipige vigelegele. Kisha akagusa tena upande wa pili. Na tena, katikati. Simu ikachanganyikiwa, ikakata.

"Mara moja tu, Maman!"

"Ndiyo, nimesikia."

Akarudia. Kushoto, kulia, katikati. Ikakata. Mungu wangu! Nilimwonyesha, nikamshika mkono, nikamsihi. Nikimwachia tu, kushoto, kulia, katikati. Hapo ndipo nilipoelewa, na kicheko kikanitoka vibaya. Alikuwa anasalimia! Sisi tuliokulia ng'ambo ile ya Kongo tunasalimiana kwa vichwa: upande huu, upande ule, halafu paji kwa paji. Na ni mimi mwenyewe niliyemwambia kwamba simu inagusana na mama mdogo. Sasa angemgusa ndugu yake mara moja tu na kumwacha, kama wamegombana?

Kaka hakucheka. Alisimama, akachukua koti la Maman msumarini. "Imetosha. Twende."

Kicheko kilinikauka. Niliona aibu, nikaogopa pia, maana ni mimi niliyeomba siku hii, na sasa stika zangu ndizo zilizokuwa zinamtoa Maman nyumbani kwake. Nikaanza kumjibu kaka kwa hasira, naye akanijibu, tukapandishiana sauti juu ya kichwa cha mama yetu kama batoto wanaogombania kiti.

Mikono ya Maman ikapapasa meza, ikafika kwenye redio, ikaigeuza.

"Na hii ni ya nani?"

"Ya kaka," nikasema. "Lakini acha tu, Maman."

"Na hukusema? Huyu si mudogo wangu. Huyu ni mutoto."

Sisi mama zetu hawatusalimii kwa vichwa. Mtoto akija, mama anamwekea kiganja utosini na kukiacha hapo, anamwombea. Maman akabonyeza simu, akailaza juu ya redio, polepole, mara moja. Wala hakuiinua.

Mfuko wa kaka ukaanza kulia. Alisimama pale, koti mkononi, akiutazama kama hajui simu ni ya nani. Nikamsukuma bega. Akapokea, akaiweka sikioni, ingawa Maman alikuwa mbele yake, karibu kabisa.

"Allô, Papa," Maman akasema, maana ndivyo anavyomwita kaka kwa mapenzi, kwa sauti ileile aliyokuwa akituamshia tukiwa wadogo. "Uko wapi?"

"Niko hapa, Maman." Kaka akalirudisha koti msumarini. "Wewe uko wapi?"

"Mimi? Niko kwangu."